Kitufe Kilichomkimbia Bi Batuli

Mama Sabra wa Ngamiani hupika mikate ya kumimina. Akikaa mbele ya jiko, dunia na walimwengu anawasahau. Simu ikilia, mikono yake imejaa tui. "Sabra, pokea!" huita. Sabra akiwa sokoni, hakuna wa kupokea, na oda inapotea hivyo hivyo.

Na mkate huu haupikwi kwa pupa. Mchele hulowekwa usiku. Asubuhi husagwa, kisha uji wake huachwa uumuke. Ukiikumbuka oda asubuhi, umeshachelewa. Ndiyo maana Bi Batuli, jirani wa mtaa wa pili, oda yake iliposahauliwa, aliwapa wageni wake chai kavu. Aibu iliyoje!

"Mama Sabra, Ijumaa namwoza mwanangu Miraji," alisema Bi Batuli. "Mikate ya karamu ya walima nataka upike wewe. Lakini ukinisahau tena, wallahi nahamia kwa mpishi mwingine."

Mama aliinamisha uso. Bi Batuli akihama, mtaa mzima utamfuata. Sabra aliona, na roho ikamuuma.

Sabra ni binti mdadisi. Akikiona kitu, anataka kujua kimetengenezwaje. Chumba cha mbele cha nyumba yao amepanga Jenifa, mwenyeji wa Amani, ambaye kazi yake ni kutengeneza programu za simu. Sabra akamwendea.

"Dada Jenifa, programu ya simu ina nini ndani?"

"Ina sura na ina akili," Jenifa alijibu. "Sura ni mpangilio wa vitu unavyoviona: maandishi, picha, vitufe. Akili ni maelekezo. Kitufe kikibonyezwa, nini kitokee? Vyote unaviandika kwenye kompyuta, ndani ya Android Studio, karakana ya programu za simu."

Jenifa akamwazima kompyuta yake. Sabra alijaribu, akakosea, akafuta, akaanza upya. Mwishowe sura ikatokea. Juu aliandika jina la mama. Katikati aliweka maswali: mikate mingapi, na ya siku gani? Chini aliweka kitufe cha AGIZA. Ukikibonyeza, ujumbe unaandaliwa tayari kutumwa kwenye simu ya mama, ausome akishanawa mikono. Kwenye simu ya Sabra programu ilipendeza kweli. Akajipigia makofi mwenyewe.

Mbio mpaka kwa Bi Batuli.

"Shikamoo, Bi Batuli."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?"

Sabra akamwekea programu ile simuni. Simu ya Bi Batuli ni ndogo, na herufi zake amezikuza kwa ajili ya macho. Bi Batuli akajaza idadi na siku, kisha akatafuta.

"Kitufe kiko wapi?"

"Hapo chini, bibi."

"Chini wapi? Kioo si kimeishia hapa!"

Kweli, kitufe hakikuonekana. Kilikuwa kimesukumwa nje ya kioo.

"Basi, mwanangu," Bi Batuli alisema kwa upole. "Nangoja mpaka kesho. Baada ya hapo natafuta mpishi mwingine."

Sabra alirudi moja kwa moja kwa Jenifa. Jenifa akautazama mpangilio.

"Kitufe ulikipimaje?"

"Nilipima umbali kutoka juu. Kikakaa vizuri."

"Kwenye simu yako. Haya niambie, gauni lililoshonwa kwa vipimo vyako, Bi Batuli litamwenea?"

Sabra alicheka. Bi Batuli ana mwili wa haja. "Halipiti hata mabegani!"

"Na kanga?"

"Kanga hujifunga yeyote."

"Basi tengeneza kanga, mdogo wangu. Jina la mama lifunge kwenye ukingo wa juu. Kitufe kifunge kwenye ukingo wa chini. Katikati pachukue nafasi inayobaki. Paweke ndani ya ScrollView, ili pakijaa mtu asogeze kwa kidole."

"Na herufi? Kwa nini nisizikaze tu, zisikue?"

"Utakuwa umemvua Bi Batuli miwani! Zipime kwa kipimo cha sp. Zitafuata ukubwa anaoutaka mwenye simu. Nafasi na vitufe vipime kwa dp, kipimo kisichofuata ukubwa wa herufi. Kisha jaribu kwenye simu ndogo na kubwa kabla hujampelekea mtu."

Sabra akafunga kitufe chini. Akakuza herufi za simu yake mpaka mwisho. Kitufe hakikuhama. Akaazima simu ndogo ya mama. Kitufe kipo!

Kesho yake Bi Batuli aliishika simu tena. Sabra alinyoosha kidole kumsaidia.

"Niache," Bi Batuli alisema. Akajaza, akabonyeza, ujumbe ukaandaliwa, akautuma. Mara simu ikalia. Ni Mama Sabra.

"Batuli, nimeona! Mchele naloweka usiku wa kuamkia Ijumaa!"

Ijumaa mikate ilifika yote, laini, imeumuka vizuri. Wageni wakala, wakauliza mpishi ni nani. Bi Batuli akatoa simu na kumsogelea shoga yake.

"Kitufe hicho hapo chini," alimwambia. "Bonyeza mwenyewe, usiogope."

Sabra alikuwa amesimama mlangoni na sinia tupu. Hakuna aliyemwita asaidie, na furaha ikamjaa.