Ndizi za Misa ya Babu

Kila asubuhi ya likizo, Brenda alikuwa na kazi ambayo, kwa maoni yake, haikumstahili msomi wa kidato cha tatu: kuwasha kuni katika jiko la zamani la Bibi Hilaria, ili joto na moshi vifike darini na kuivisha ndizi za mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga. Mbege hiyo ilikuwa ya misa ya kumkumbuka babu, marehemu Sylvanus. Ndizi zilitoka kwenye migomba aliyoipanda kwa mkono wake, hapo hapo Masama.

"Ukizembea moto, wageni watakunywa maji," Bibi alimwonya.

Brenda akazembea. Moshi ulimwasha macho, na kichwani alikuwa na somo la kemia, lile la alkaini. Shuleni walifundishwa kwamba kabaidi, yale mawe ya kijivu ya mafundi wa kuchomelea, ikilowa hutoa asetilini, gesi ambayo kaboni zake mbili zimeshikana kwa vifungo vitatu. Wapo wachuuzi wanaoitumia kuivisha matunda. Basi akashuka hadi sokoni Kwa Sadala na kumwambia Godwin, fundi wa kuchomelea, kwa uso wa mtawa, kwamba mwalimu ameagiza vipande vichache vya majaribio. Akavifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, akavichomeka kati ya mikungu kule darini, akafunika turubai. Moto hakuwasha tena, kwani alijua gesi hiyo inawaka. Bibi alipikia mkaa barazani, hakugundua.

Ndizi zikageuka njano upesi.

"Mkono wako una baraka!" Bibi akasema. Brenda akainamisha kichwa kama askofu anayepokea zawadi.

Kisha Bibi akamenya moja. Ndani ilikuwa ngumu, nyeupe, na ilinuka kama kitunguu saumu. Akaketi kigodani.

"Njano nje, mbichi ndani. Basili, migomba ina ugonjwa wa mnyauko."

Baba mdogo Basili akashika kichwa. "Ukiachwa, mama, utamaliza kihamba chote, shamba lote la ukoo."

"Ikate migomba ya baba yako," Bibi akasema, akageukia ukutani akilia.

Brenda aliapa moyoni kusema Bibi akinyamaza kulia. Bibi akanyamaza. Akaapa kusema panga likitua. Panga likatua, mgomba ukalala chini na maji yake yakichuruzika. Ukafuata mwingine, na mwingine. Ulipobaki mmoja tu, sauti ikamtoka.

"Baba mdogo, acha! Haiumwi! Ni mimi, niliweka kabaidi!"

Akaeleza yote.

"Gesi hiyo inawaka?" Bibi akauliza.

"Inawaka, Bibi."

"Jana niliingia jikoni na kiberiti, nikuwashie moto. Basili akaniita, nikatoka."

Brenda akaketi chini, kando ya mgomba uliokatwa.

"Kukwepa kazi ni utoto," Bibi akasema. "Ningekugombeza, tukanywa chai. Lakini ulisimama hapa na ukweli mdomoni, ukatutazama tukikata mikono ya babu yako. Kosa lako liliharibu ndizi tu. Kunyamaza kwako ndiko kulikomaliza migomba."

Ndizi zilifukiwa. Siku ya misa wageni walikunywa mbege ya jirani, wakaisifu kwa adabu, na Brenda akaosha vibuyu vyote.

Kesho yake Bibi akamkabidhi jembe na chipukizi la mgomba uliobaki.

"Panda. Siku mgomba huu utakapozaa, moto utawasha wewe, mpaka ndizi ziive zenyewe. Na ukikosea tena, niambie kabla sijashika panga."