Buluu Iliyopanua Chumba

Kila siku ya mapumziko Chiriku aliamka mapema, akafagia ua, kisha akafuatana na shangazi yake, fundi rangi, kwenda kazini. Jina hilo alibandikwa kwa sababu ya domo lake. Nyumbani walisema hata usingizini huuliza maswali.

Safari hii walikuwa wakipaka chumba cha watoto wagonjwa kwenye zahanati. Kilikuwa chumba kidogo, chenye dirisha moja, na watoto walipoingizwa humo walilia tu. Shangazi alikoroga chokaa ndooni, akatia buluu ya kufulia kwa ncha za vidole.

"Shangazi, si kidogo mno hiyo?"

"Buluu ikikoza, chumba kinazidi kubana. Ikipauka, wewe subiri uone."

Ukuta wa kwanza ulipokauka, Chiriku alinyamaza kimya, jambo la nadra. Ukuta ulionekana umesogea nyuma! Aliunyooshea mkono kuhakikisha bado upo palepale.

Shangazi alichanganya ndoo ya pili. "Koroga tu, usiongeze kitu," alisema, akatoka kwenda kuteka maji. Chiriku akalinganisha chokaa ya ndooni na ukuta mkavu, akaona ya ndooni imekoza. Akajiona fundi, akamimina chokaa zaidi. Hakujua kwamba chokaa mbichi hukoza, ikikauka hupauka.

Kesho yake ukuta wa dirishani, uliopakwa kwa ndoo ile, ulikuwa mweupe pe.

"Fundi, watoto wanaingia kesho asubuhi," muuguzi alilalamika. "Kazi gani hii?"

Shangazi alikunja uso. "Ni yule muuza chokaa! Kaniuzia chokaa ya hovyo. Leo atanitambua, na mafundi wote nitawaambia wasikanyage dukani kwake."

Muuza chokaa alikuwa mzee mcheshi, aliyemwita Chiriku "bosi". Hakuwa na kosa lolote. Shangazi alikwisha fika getini Chiriku alipomkimbilia.

"Shangazi, usiende! Ni mimi. Niliongeza chokaa."

Shangazi aligeuka. "Nilikwambia nini?"

"Nikoroge tu."

"Haya, shika brashi. Leo hakuna kucheza."

Waliupaka ukuta upya mpaka mikono ikawauma. Asubuhi iliyofuata aliingia mama na mtoto mgongoni, mtoto akilia kwa sauti. Ghafla mtoto akanyamaza. Aligeuza kichwa toka ukuta hadi ukuta, mdomo wazi, na Chiriku naye akabaki ameduwaa. Buluu hafifu kiasi kile, na chumba kizima kilikuwa kimepumua!

Walipokuwa wakiosha ndoo, Chiriku aliuliza kwa woga, "Shangazi, bado umekasirika?"

"Ukuta tumeutengeneza kwa siku moja, mwanangu," shangazi alijibu. "Lakini kama ningemharibia yule mzee jina, ningempaka chokaa gani atakate? Ukikosea, sema mapema."