Bawa Lililozibwa kwa Nta

Kila alasiri Yuliana alirudi kutoka shule ya misheni, akala alichowekewa na mama yake, akajifunga khanga kiunoni, akakaa kibarazani kupiga msasa. Baba yake, Mzee Romani, alichonga mpingo uani kwao Temeke kama alivyokuwa akichonga Newala kabla hajahamia mjini. Kazi ya Yuliana ilikuwa kulainisha kinyago kilichomalizwa, kukipaka nta, na kukisugua kwa kitambaa mpaka king'ae. Aliifanya vizuri, na alijua kwamba anaifanya vizuri. Matata yake yalianzia hapo.

Katika nyumba hiyo alikuwemo pia Albano, mtoto wa shangazi yake. Baba yake Albano alikuwa amefariki, na mama yake akampeleka kwa mjomba wake ajifunze kazi. Kwa watu wa kwao, mali ya mjomba na ujuzi wake huenda kwa mpwa. Mzee Romani alikwisha kusema wazi kwamba Albano akionyesha mkono mzuri, tezo na patasi zote zitakuwa zake siku moja. Asipoonyesha, atarudi kwa mama yake kulima mihogo. Yuliana, aliyekulia katika vumbi la mpingo, hakuahidiwa hata tupa.

Jambo hilo lilimuuma, na uchungu wake akaumwagia kwa Albano. Siku ya kwanza mjini Albano alisikia honi ya lori akarukia mtaroni. Yuliana aliwasimulia watoto wa mtaa mzima, na tangu siku hiyo kila Albano akienda bombani walimpigia honi kwa midomo. Albano hakusema kitu. Aliyekosewa akinyamaza, mkosaji hudhani ameruhusiwa.

Siku moja alikuja karani mmoja, Bwana Adelard, mtu wa Bukoba, mwenye viatu vilivyong'aa na sauti ya upole. Alikuwa mkalimani wa Mzungu aliyetoka Ulaya kuuza ndege za abiria.

"Ndege inauzwaje, Bwana Adelard?" aliuliza Mzee Romani. "Anaitembeza mitaani kama samaki?"

Bwana Adelard alicheka. "Karibu sawa na hivyo, mzee. Wameileta moja, ya pangaboi nne, iko uwanjani. Wakubwa wa shirika la ndege watapandishwa, watazungushwa angani, watauliza inabeba watu wangapi, inakunywa mafuta kiasi gani, na kama itaweza kuruka kwenye joto letu hili. Wakiridhika, wanatoa arbuni, malipo ya kwanza. Ndipo zao zinaanza kutengenezwa, na watangoja miaka."

"Miaka? Kwani hawana zilizo tayari?"

"Hazikai dukani. Kila shirika linachagua viti vyake na rangi yake. Mabawa yanatengenezwa karakana moja, mkia karakana nyingine, kiwiliwili kwingine, kisha yote yanaungwa kwa misumari ya ribiti, mingi kuliko nywele za kichwa changu."

Yuliana aliacha kusugua. "Na wanajuaje kama bawa halitakatika huko juu?"

"Wanalivunja," alisema Bwana Adelard. "Bawa la kwanza halipandwi na mtu. Wanalifunga kwenye vyuma, wanalivuta, wanazidi kulivuta mpaka linakatika, na waliolitengeneza wamesimama pale pale wanatazama. Huyo Mzungu ameniambia kuna wazee huko waliotokwa na machozi."

"Huo si ukatili?" Yuliana aliuliza.

"Ni ukatili. Lakini ni ukatili kwa bati."

Basi, ilikuwa desturi ya wauza ndege kuwapa wanunuzi mfano mdogo wa ndege, wauweke mezani ofisini. Mzungu huyo alitaka mifano sita ya mpingo, yenye urefu wa mkono. Mzee Romani alikubali. Viwiliwili vitano alichonga mwenyewe. Mabawa yote alimwachia Albano: kila bawa lilikuwa na ulimi wa kuingia katika tundu la kiwiliwili, likashikwa kwa gundi. Ndege ya sita alimwambia Albano aichonge yote peke yake, kuanzia gogo hadi mkia.

"Hii ndiyo itakayonionyesha mkono wako," alimwambia.

Albano aliichonga kwa kuomba Mungu. Ilipokwisha ilikuwa nzuri kuliko zile tano, na Mzee Romani aliiinua, akaitazama, akairudisha chini bila neno. Yuliana alimjua baba yake. Asiposema neno ndipo amependa sana.

Zote sita zikaja kwa Yuliana zipakwe nta. Siku hiyo baba na Albano walikwenda kununua gogo, na mama alikuwa sokoni. Chausiku, jirani yake, akachungulia uani.

"Hizo ndizo ndege za Mzungu?" aliuliza.

"Ndizo. Mimi ndiye ninayezimaliza. Bila mimi ni kuni tu."

Alichukua moja ya zile tano akaipeperusha juu ya kichwa cha Chausiku, akinguruma kwa mdomo, akageuka nayo kwa maringo. Bawa likagonga fremu ya mlango. Halikukatika, ila karibu na shina lake ulifunguka ufa mwembamba.

"Mwambie baba yako," alisema Chausiku. "Atatia bawa jingine. Bado kuna siku."

"Na wewe ukisema, usinijue tena."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema uzibe kwa nta. Wachongaji wana hila yao ya kufunika mikwaruzo midogo: huchanganya nta na unga wa mpingo, wakajaza, wakasugua, na jicho halioni kitu. Yuliana aliujaza ufa kwa hila hiyo. Aliusugua mpaka ukapotea kabisa, na moyoni alijisifu.

Siku ya wageni, Mzee Romani alimchukua Yuliana kwenda uwanjani, kwa sababu aliomba sana. Albano aliachwa kufagia ua. Ndege ilikuwa imesimama juani, kubwa kuliko kanisa lao, bati lake jeupe kama sufuria mpya. Chini ya bawa lake palitandikwa meza yenye vikombe vya chai, na wakubwa wa shirika walikuwa wamekwisha kushuka kutoka angani, nyuso zikiwa za furaha. Mwuza ndege alifungua sanduku, akatoa mfano wa kwanza, akampa mkubwa wao kwa mikono miwili.

Mkubwa yule aliushika kwa bawa. Jua lilikuwa kali na nta ilikuwa imelainika. Bawa likakatika, kiwiliwili kikaangukia juu ya kikombe cha chai, na chai ikamrukia suruali.

Mmoja akasema neno kwa Kiingereza, na wote wakaangua kicheko, wakatazama juu, kwenye lile bawa kubwa lililowafunika, wakacheka tena. Mwuza ndege hakucheka. Alikuwa mwekundu hadi shingoni. Alivitupa vile vipande kando, akafunga sanduku lenye mifano mitano iliyobaki, akamsukumia Mzee Romani kifuani.

"Anasemaje?" Mzee Romani aliuliza.

Bwana Adelard alitazama viatu vyake. "Anasema umemfanya mchezo mbele ya wanunuzi wake. Anasema nenda."

Walipokaribia nyumbani Mzee Romani akauliza, "Yuliana, wewe ndiye uliyezishika mwisho. Uliona nini?"

Hapo palikuwa na nafasi, tena pana. Yuliana aliiona. Aliona pia patasi na tezo, na Albano akizirithi.

"Gundi ya Albano haikushika, baba. Niliona bawa linacheza. Nikadhani litakauka."

Mzee Romani alivua mkanda kabla hajavuka kizingiti. Albano alipigwa uani, mbele ya watoto waliokuwa wakimpigia honi. Alisema mara moja tu, "Mjomba, viungo vyangu havikuwa na kasoro," na kwa neno hilo akaongezewa. Hakulia. Mama yake Yuliana, Margareta, alishika mkono wa mumewe.

"Baba Yuliana, msikilize kwanza mtoto wa dada yako."

"Nimekwisha kumsikiliza wangu," alijibu. "Nimempa mabawa akanipa aibu. Meli ya Lindi inaondoka kesho jioni. Asubuhi ashike njia ya Kurasini."

Usiku ule Yuliana alisikia mama yake akimkanda Albano mgongo kwa maji ya chumvi. Alivuta khanga masikioni. Asubuhi Albano aliaga kila mtu kwa adabu, hata yeye. "Kwaheri, dada," alisema, akatoka na furushi lake, bila patasi.

Saa za mchana Bwana Adelard alifika kwa baiskeli. Hasira ya Mzungu ilikuwa imepoa, kwa sababu yule mkubwa wa shirika aliuliza zawadi yake iko wapi. Ataichukua mifano mitano, lakini kwanza ijaribiwe kama karakana za kwao zinavyojaribu.

"Uchague mmoja, uuvunje mbele yangu," alisema Bwana Adelard. "Bawa likichomoka kwenye kiungo, yote itiwe motoni. Samahani, mzee. Mie nimetumwa tu."

"Nichague upi?"

"Ule ulio bora. Mbovu hautuambii kitu."

Mzee Romani alitoa ndege ya Albano. Alikifunga kiwiliwili chake kwenye benchi la kazi, akaning'iniza kikapu kwenye ncha ya bawa, akamwita binti yake. "Tia mawe."

Yuliana alitia jiwe moja, kisha jingine. Bawa lilipinda kidogo likatulia. Alitamani lichomoke. Ndiyo, alitamani hivyo, maana likichomoka uongo wake ungekuwa kweli. Alitia jiwe kubwa la jikoni kwa mama yake. Mpingo ukalia. Akatia jingine, na bawa likakatika katikati, vipande vikaruka, kikapu kikapiga chini.

Bwana Adelard aliinama akatazama. Shina la bawa lilikuwa bado ndani ya tundu lake, halikusogea hata unywele.

"Umekatika mti wenyewe," alisema. "Kiungo kiko pale pale."

"Gundi ya chungu kimoja," alisema Mzee Romani taratibu. "Mkono mmoja." Alipitisha kidole kwenye kiungo, mara ya kwanza, mara ya pili. Halafu akageuka. "Yuliana, ile ya jana ilichomoka kwenye kiungo, au ilikatika nje yake?"

Hakuna aliyemhimiza. Margareta alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Yuliana alitazama kile kiungo kisichokuwa na hatia.

"Ilikatika nje, baba. Niliigonga mlangoni nikicheza. Nikaziba ufa kwa nta."

Alingoja mkanda. Mzee Romani hakuugusa. Alikaa juu ya benchi kama mtu aliyechoka ghafla.

"Vaa," alisema. "Twende Kurasini kabla meli haijang'oa nanga. Utakayoyasema utayasema huko, kwa sauti, mbele ya walioko. Albano alipigwa hadharani."

Katika banda la abiria bandarini watu walikaa juu ya mizigo, na makuli walipumzika wakila mihogo. Albano alikuwa mwisho wa banda, hakuegemea ukuta, kwa sababu ya mgongo. Yuliana alisimama mbele yake akasema yote: mchezo, ufa, nta, uongo. Alisema kwa sauti ndogo, na baba yake akamwambia arudie. Alirudia. Kuli mmoja alitema mate pembeni akasema, "Na mwenzio kachapwa kwa hilo?" Yuliana aliitika. Watu walimtazama kama wanavyotazama samaki aliyeoza, na hapakuwa na pa kujificha.

Mzee Romani akapiga goti moja mbele ya mpwa wake. "Nami nimekosa. Nilikupima kwa maneno ya mtu, badala ya kuipima kazi yako. Kazi yako tumeipima leo. Imekusemea."

Albano aliuliza, "Mliivunja ipi, mjomba?"

"Yako."

Hapo ndipo Albano alipolia. Mkanda haukumliza, wala honi za watoto. Alilia kwa ajili ya ndege yake ya kwanza, akiwa ameshika furushi lake, na Yuliana akasimama pale akimtazama, kwa kuwa hakuruhusiwa kugeuza uso.

Waliporudi wote watatu, wakipita kwenye malori ya bandarini, Mzee Romani alimsemesha binti yake bila kumtazama.

"Wale watu wanavunja bawa chini, mbele ya macho yao, ili lisivunjike juu likiwa na watu. Kosa nalo ni hivyo hivyo. Lilete chini likiwa dogo, livunjike mbele yetu. Litauma, utachekwa, yatakwisha. Ukilipaka nta litaruka, na siku litakapoanguka utakuta umempandisha mwenzio. Umenielewa, au nirudie kwa mkanda?"

"Nimeelewa, baba."

Mifano minne ilikwenda kwa Mzungu, na Albano akachonga miwili mipya kukamilisha sita. Miaka miwili baadaye ndege za pangaboi nne, zenye rangi za shirika, zilianza kupita juu ya Temeke, na watoto wakatoka nje kuzipungia.

Ndege iliyovunjwa haikutupwa. Mzee Romani aliitundika kibarazani, juu ya mahali anapokaa Yuliana. Kila alipochanganya nta na unga wa mpingo, Albano, ambaye sasa alishika patasi, aliinua macho kutoka kwenye kazi yake akauliza, kwa adabu ile ile, "Ya nini hiyo, dada?"

Na kila mara Yuliana alilazimika kumwonyesha alichokuwa akikiziba.