Fomu Sitini na Mbili za Mvuke

"Hizi fomu unazijua?"

Mwenyekiti wa kamati ya ubora alizimwaga mezani.

Jamani, nilizijua! Zote sitini na mbili nilizipiga tiki mimi, kwa kalamu tatu tofauti!

Ngoja niwape mkasa. Mimi ni kiongozi wa darasa, tunasomea uuguzi. Somo la vipimo vya dawa lilikuwa la mhadhiri tuliyembatiza Mvuke, maana ukimwona tu, keshapotea. Muhula mzima aliingia mara tatu!

Wiki ya mwisho akanipigia.

"Mwanangu, fomu za kutathmini walimu zinatakiwa leo. Nijazie vizuri, sitawasahau kwenye mtihani."

Nikauliza darasa.

"Jaza tu, kiongozi! Tuko pamoja!"

Nikajaza. Anawahi kipindi? Bora sana. Anaeleweka? Bora sana. Nikajiona mjanja kweli!

Kumbe mtihani ulitungwa na watu wa nje. Tukafeli hamsini na moja! Mwezi ujao tunaingia wodini, na mimi kupima dozi ya mtoto mchanga sijui. Nitaua mtu!

Ndipo tukaiomba kamati tufundishwe upya, na mwalimu mwingine.

"Darasa zima lilimsifu," mwenyekiti akasema. "Leo mnasema hakufundisha?"

Mvuke yuko pembeni, anatabasamu.

Nikajitoa mhanga. "Nilijaza zote mimi. Muulizeni mwenzangu huyu, alikuwepo."

Nikamgeukia shosti wangu, tunaishi chumba kimoja. Anaangalia viatu vyake.

"Mimi... yangu nilijaza mwenyewe."

"Shosti?!"

Aliogopa kufukuzwa, najua. Lakini iliniuma, mpaka leo inaniuma.

"Basi fomu ni halali," mwenyekiti akafunga faili.

Juzi tangazo likabandikwa. Somo litarudiwa! Tukarukaruka, tukakumbatiana... kisha nikasoma mstari wa chini.

"Ili kuhakikisha ubora, litafundishwa na mhadhiri mwenye tathmini ya juu kuliko wote chuoni."

Mvuke!!!

Nilipeleka barua ya kulalamika. Karani akanionyesha zile fomu, akanirudishia barua yangu.

Wadogo zangu mlioko vyuoni, ile fomu jaza mwenyewe, na ujaze ukweli. Ukishausaini uongo, huna pa kushtaki.

Kipindi chetu cha kwanza kilikuwa leo saa mbili asubuhi. Sasa ni saa tano, niko darasani naandika haya. Hajaja.