Mzee Felician Aligoma Kuvua Shati

Juzi mchana Mzee Felician aliletwa akiwa amebebwa kwenye turubai la machimboni, mwili mzima unatetemeka, povu mdomoni...

Nilimtambua mara moja. Wiki iliyopita mimi ndiye niliyesema haumwi.

Wapendwa, naitwa Hosiana, nasomea utabibu hapa Geita. Msinihurumie, someni tu.

Chuo kilitupanga kwenye timu tujifunze kuwahudumia wenye maumivu sugu. Mimi utabibu, Edson famasia, Nelly mazoezi ya viungo. Sharti lilikuwa moja, wote watatu tukae na mgonjwa, tumsikilize pamoja, tuamue pamoja.

Kiongozi wa timu? Mimi. Nilijimwambafai balaa.

Mgonjwa wetu alikuwa huyo Mzee Felician wa Bukombe, mchimbaji aliyeangukiwa na mwamba zamani akiwa duarani, ndani ya shimo la dhahabu. Tangu hapo mgongo haumpi usingizi.

Kabla hatujaingia, Nelly akanivuta pembeni.

"Hosi, naomba nibaki nje."

"Kwa nini?"

"Yule mzee siwezi kumshika. Ni hivi..."

"Unamwona mchafu kwa sababu ni mchimbaji?"

"Hapana, ila..."

"Basi ingia. Hii ni timu, dada. Sitaki tukose alama kwa maringo yako."

Akaingia kichwa chini. Akapiga magoti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," mzee akajibu huku akitazama ukuta.

Nikamwambia avue shati, alegeze suruali, alale kifudifudi ili Nelly amshike kiuno. Mzee akaukamata mkanda wake kwa mikono miwili.

"Mgongo umepona, mwanangu."

"Si ulisema hulali?"

"Umepona. Niruhusuni niende."

Nikamkonyeza Edson. Machimboni kuna watu wanatafuna tramadoli, vidonge vikali vya maumivu, kama karanga, na huyu anagoma kupimwa... nikajua nimemkamata. Kwa mwalimu wetu, Daktari Shehnaz, nikaripoti kwa kujiamini kabisa kwamba mzee haumwi, anatafuta vidonge tu. Edson akaunga mkono. Nelly akanyamaza. Dawa zikasitishwa.

Na timu yetu ikapata alama za juu kuliko zote. Eti kwa ushirikiano...

Juzi sasa, mzee kitandani, amekunywa vidonge vya kununua kulekule machimboni, bila kipimo. Nelly amejibanza mlangoni, analia.

"Nelly, unamfahamu?"

"Ni baba mkwe wangu. Ng'ombe walishapokelewa nyumbani, harusi ni baada ya mavuno. Mkwe atamvuaje mkwe nguo, Hosi? Nilikuwa naanza kukueleza, ukaniita mwenye maringo. Baadaye nikaona aibu, nikanyamaza."

Nilijiona takataka.

Leo asubuhi mzee amefumbua macho. Nilipiga magoti pale kitandani, nikamwomba msamaha huku nalia. Hakunilaumu. Aliniuliza jambo moja tu, kwa sauti ya chini.

"Mkwe wangu alifaulu?"

"Alifaulu, baba."

"Afadhali. Niliogopa akikataa kunishika mtamfelisha. Ndiyo maana nikasema nimepona."

Jamani...

Nimetoka hapo moja kwa moja kwa Daktari Shehnaz, nimemweleza yote, nimemwomba alama zangu azifute. Nasubiri uamuzi wake.

Ninyi mnaosomea afya, kabla hujamwambia mgonjwa avue shati, muulize kama kuna mtu angependa atoke. Na mwenzako akikuvuta pembeni, mwache amalize sentensi yake. Nelly alihitaji maneno machache tu, nami sikumpa nafasi ya kuyasema.