Saini ya Mama Ghala

Kengele ya mapumziko ikilia, wenzake hutimua mbio uwanjani, naye Mama Ghala huelekea chumba cha kompyuta. Jina hilo alibandikwa darasani kwa sababu ndiye aliyetunza ghala la programu la shule. Kompyuta zote ishirini na mbili zilitumia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta usiolipiwa. Programu za msingi zilitoka kwa watengenezaji wenyewe. Zile za nyongeza, kama ya kuchora na ya muziki, zilipangwa na chama cha kompyuta kwenye mashine kubwa iliyovuma pembeni kutwa nzima.

Ghala hilo la nyongeza lilikuwa na rafu mbili. Programu mpya ilikaa wiki nzima kwenye rafu ya majaribio, ikijaribiwa kwenye kompyuta moja tu. Ikionekana haina tatizo, Mama Ghala aliandika neno lake la siri, programu ikapata saini yake na kuhamia rafu ya wote. Bila saini hiyo kompyuta za shule ziliikataa.

Neno lile alilijua mtu mmoja mwingine, Pacha. Hawakuzaliwa pamoja, ila walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza na kugawana hata kifutio. Mama Ghala alimnong'oneza siku alipougua, ili kazi isilale.

Alhamisi asubuhi, programu ya kuandikia iligoma kwenye kompyuta zote.

"Darasa la mwisho wanakabidhi miradi yao leo mchana!" Mwalimu wa kompyuta alishika kichwa, akafungua kumbukumbu za mashine. "Mchezo wa mbio za magari umehamishiwa rafu ya wote jana, baada ya siku moja tu ya majaribio! Umekuja na vipande vyake vipya, vikafuta vile vinavyotegemewa na programu ya kuandikia. Na saini ni yako, binti."

"Mimi, Mwalimu? Sikuugusa!"

"Kumbe saini ilijitia yenyewe?"

Darasa likaangua kicheko. Mama Ghala akamgeukia Pacha. Pacha alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa.

"Labda amesahau, Mwalimu," Pacha akasema bila kuinua uso. "Siku hizi anasahausahau."

Mama Ghala akakumbuka. Juzi tu Pacha alikuwa akimbembeleza auhamishie rafu ya wote mchezo huo huo.

"Kazi ya ghala nitampa mwingine," Mwalimu akasema.

"Sawa, Mwalimu. Lakini nipe nusu saa nirekebishe, ndipo unifukuze."

Aliutoa mchezo ghalani, akarudisha vipande vya zamani, kisha akapita kompyuta moja baada ya nyingine. Alipofika ya kumi na tano, Pacha akamsogelea.

"Usinitaje, jamani. Mama yangu atanimaliza!"

"Nilikupa siri nikiwa kitandani naumwa. Ukaitumia kuhamisha mchezo wa magari."

"Ningesema, ila watu wote walikuwa wanacheka."

"Walikuwa wananicheka mimi, Pacha."

Saa nne kamili kompyuta zote zilikuwa zinaandika. Mama Ghala akasimama mbele ya Mwalimu. "Sikuhamisha mchezo, lakini kosa langu lipo. Neno la siri nilimpa Pacha."

Pacha akaanza kulia. "Ni kweli, Mwalimu. Ni mimi."

Mwalimu akavuta kiti, akakaa karibu nao.

"Binti, ghala utaendelea nalo, kwa sababu umesema kweli hata pale ilipokuumiza. Lakini badilisha neno hilo sasa hivi. Watoto wote shuleni wanapokea programu bila kuuliza wakiiona saini yako. Ukimpa mtu saini, umempa na jina lako alitumie apendavyo." Akamgeukia Pacha. "Wewe utajaribu programu mpya muhula mzima, na neno la siri hutapewa. Kompyuta zimetengenezwa kwa nusu saa. Ila mwenzako amesimama hapa akichekwa kwa kosa lako, nawe ukaongezea chumvi. Hilo mimi sina amri ya kulirekebisha. Utalirekebisha mwenyewe, kwa kuwa mkweli kila siku, mpaka atakapokuamini. Na akichelewa kukuamini, usimlaumu."