Usiachie Pedali

Dobi alikuwa na gari dogo la mizigo. Kila asubuhi alikusanya mashuka machafu kwenye nyumba za wageni. Jioni aliyarudisha yamefuliwa, yamepigwa pasi, yananukia sabuni. Mkewe ndiye aliyepiga pasi. Binti yao alikuwa mjamzito, naye alikuja kujifungulia kwa wazazi. Siku zake zilikuwa zimewadia, na gari la baba ndilo lililotegemewa kumpeleka hospitali.

Lakini Dobi alikuwa na siri iliyomnyima raha. Breki zilikuwa zimelegea. Alipokanyaga pedali, mguu ulizama kama amekanyaga godoro. Ilibidi akanyage tena na tena ndipo gari lishike. Mafuta ya breki yalipungua kwenye kikopo chake chini ya boneti, naye akawa anaongeza tu. Hakumwambia mtu. Alijipa moyo kwamba binti akishajifungua salama, atamwona fundi.

Asubuhi moja mwanamke alikuwa akivuka barabara, anasukuma kiti cha magurudumu. Kwenye kiti alikaa mzee. Dobi akakanyaga breki. Pedali ikashuka hadi chini. Akakanyaga tena, akakanyaga tena. Gari likasimama karibu mno, mzee angeweza kunyoosha mkono akaligusa. Mzee aliinua kichwa. Alimtazama Dobi usoni, basi.

Dobi alirudi nyumbani kwa mwendo wa konokono, jasho likimtiririka. Akamweleza mkewe kila kitu. Mkewe aliweka pasi chini, akakaa juu ya furushi la mashuka.

"Na jana umempakia binti yetu humo kumpeleka kliniki," alisema.

Dobi alitoka nje mara moja. Alienda kwa jirani yao, fundi wa magari ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Spana. Karakana yake ilikuwa uani kwake, ukuta mmoja tu kutoka kwa Dobi. Bi Spana alimsikiliza, kisha akamwambia kwamba hata kulirudisha gari nyumbani amekosea. Gari la namna hiyo huachwa pale pale, fundi akaitwa. Wakalisukuma hadi uani kwake, mahali tambarare.

"Kwenye mabomba ya breki panatakiwa mafuta matupu, shemeji," alieleza. "Mafuta hayabonyei. Upepo unabonyea. Upepo ukiingia humo, nguvu ya mguu wako inaishia kuubonyeza. Haifiki kwenye magurudumu."

"Lakini mafuta nilikuwa naongeza."

"Na yalikuwa yanapungua yakienda wapi?"

Dobi akainamisha kichwa. Bi Spana aliweka vizuizi kwenye magurudumu, akainua gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake haiaminiki, alisema. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa limelowa kwa ndani. Mafuta yalivujia hapo, na upepo ukaingilia hapo. Alifungua magurudumu, akabadilisha mipira ya kuzibia mafuta iliyochakaa, akahakikisha hapavuji tena. Kisha akafungua chupa mpya ya mafuta ya breki, ya aina iliyoandikwa kwenye mfuniko wa kile kikopo. Chupa iliyokaa wazi aliikataa, kwa sababu mafuta hayo hunyonya maji hewani yakaharibika.

Sasa ilibaki kutoa upepo. Dobi aliketi kwenye usukani, injini imezimwa. Bi Spana alianza na gurudumu lililo mbali zaidi na kikopo cha mafuta. Alichomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye nati ndogo ya kutolea upepo. Ncha ya pili aliizamisha kwenye chupa yenye mafuta kidogo.

"Kanyaga polepole mara kadhaa, kisha shikilia. Nikilegeza nati, mguu utazama. Uache uzame. Usiachie pedali mpaka nikwambie nimefunga. Ukiachia mapema, upepo unanyonywa kurudi ndani."

Wakaanza. Mapovu yakapita kwenye mpira, makubwa, kisha madogo. Kila baada ya muda Bi Spana aliongeza mafuta kwenye kikopo, yasije yakaisha na kuingiza upepo upya. Kazi ilikuwa inaendelea vizuri.

Ghafla mke wa Dobi alichungulia juu ya ukuta. Uchungu wa binti umeanza, alisema. Dobi alishtuka, akanyanyua mguu. Nati ilikuwa wazi bado.

"Umeachia," alisema Bi Spana.

"Turudishe magurudumu, twende. Nitaendesha polepole."

Bi Spana alijifuta mikono kwa kitambaa. "Shemeji, polepole haimsaidii mtu ambaye hawezi kusimama. Umpakie binti yako na mjukuu wako kwenye gari hili?"

Dobi alitazama ukuta, akatazama gari. Macho ya yule mzee yalikuwa hayajamtoka kichwani. Akamwambia mkewe aite teksi. Muda mfupi baadaye aliisikia ikisimama, akasikia binti akiguna kwa maumivu, mlango ukafungwa, gari likaondoka. Alitamani kulikimbilia. Badala yake akarudi kwenye usukani.

Wakaanza upya gurudumu lile lile. Safari hii hakuachia kabla ya kuambiwa. Walizunguka magurudumu yote, mpaka kila moja likatoa mafuta safi yasiyo na povu. Pedali ikawa inagomea juu, ngumu, na hata alipoikandamiza kwa muda haikuzama. Wakafunga magurudumu, wakalijaribu gari uani, mwendo wa kutambaa, kabla ya kulitoa barabarani.

Simu ikaita. Dobi aliogopa kuipokea. Ni mkewe. Binti amejifungua mtoto wa kike, wote wazima.

Kesho yake Dobi alikwenda kuwachukua. Wakiwa njiani kurudi, baiskeli ilichomoka kichochoroni mbele yao. Akakanyaga mara moja tu. Gari likatulia. Mwendesha baiskeli akapita, akainua mkono kuomba radhi.

Dobi aligeuka kutazama nyuma. Kwenye kiti cha nyuma binti yake alikuwa anamfunika mtoto vizuri.

"Mbona tumesimama, baba?" aliuliza.

"Tumempisha mtu," alisema Dobi, akaondoa gari taratibu.